Pumzi ya Wapasua Mawe

Nyumba ya Baba Karani ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa mtaa, jirani na uwanja wa mawe. Kila siku saa moja asubuhi, mashine ya kuponda mawe ilianza kuunguruma. Ikiunguruma, vikombe vilitetemeka kabatini. Vumbi jeupe liliingia dirishani. Lilikaa juu ya meza, juu ya kitanda, na juu ya maji yasiyofunikwa. Mama Karani alifuta meza asubuhi na jioni. Alizoea kusema kwamba vumbi ni mpangaji asiyejua kuhama.

Baba Karani alikuwa akilisha mashine mawe kwa miaka kumi na sita. Mkewe alichambua kokoto hapo hapo uwanjani, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Kokoto hizo zilipakiwa kwenye malori, zikaenda kujenga barabara. Binti yao alikuwa na miaka kumi na tisa. Majirani walimwita Karani kwa sababu aliwaandikia barua na kuwajazia fomu. Wazazi wake nao walipata majina yao kutoka kwake.

Baba Karani alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza kama cha mafua, kikakaa. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni sigara, ingawa Baba Karani aliacha kuvuta kabla hajaoa. Mwingine alisema kuna mkono wa mtu. Siku moja alipewa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi sita bila kukosa hata siku moja. Makohozi yakapimwa tena, yakaonekana safi. Kikohozi hakikuondoka.

Kutoka uwanjani hadi nyumbani kwake ilikuwa hatua mia mbili. Sasa alipumzika njiani mara mbili. Alipopumzika, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Watu wa mtaa waliliona hilo, wakanyamaza kwa heshima.

Karani alikuwa mwanachama wa kundi la vijana wa kutembeleana. Walikuwa vijana wanane. Walikutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha zahanati, na mlezi wao alikuwa muuguzi wa zahanati, ambaye pia alikuwa jirani yao. Kwa wiki tatu, vijana kutoka nchi nyingine wangekuja kuishi katika nyumba zao. Wangekula nao na kufanya kazi nao. Baadaye zamu ingegeuka, wenyeji wangekuwa wageni.

Vijana wengi walijiunga kwa ajili ya safari. Karani mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alitaka kupanda ndege mara moja katika maisha yake. Lakini Muuguzi aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba safari si picha za kuonyesha watu. Nchi nyingi hukaa pamoja na kupanga mambo ya kutanguliza katika maendeleo kwa miaka mingi ijayo. Kabla ya kupanga, huomba maoni, hata ya vijana.

"Wanaopanga hawalali katika nyumba zenu," alisema. "Msipowaeleza, wataandika wanachokijua wao. Na nyinyi msipoishi na wenzenu, mtadhani shida ya mtaa wenu ni yenu peke yenu."

Aliwapa karatasi, kila mmoja aandike jambo analotaka litangulie. Karani aliandika barabara. Wakati wa mvua mtaa wao ulikuwa tope hadi magotini. Wenzake watano waliandika hivyo hivyo. Jioni alipomweleza baba yake, mzee alifurahi. Alisema barabara ndiyo maendeleo, mengine ni hadithi. Kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

Mgeni wao alifika siku ya Jumatatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kiswahili alikuwa amekisoma shuleni kwao, na kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Mama Karani akampa jina la Polepole. Alilipenda, akalijibu tangu siku ile.

Walipokaa kula, Baba Karani alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, na mwisho wake kulikuwa na mluzi mdogo, kama wa upepo kwenye tundu la mlango. Polepole aliacha kula. Alimtazama mzee, kisha akatazama sahani yake. Hakumaliza chakula. Mama Karani aliudhika kidogo moyoni. Alidhani mgeni ameona kinyaa.

Kesho yake, wakiwa wanafua, Polepole alimuuliza Karani baba yake anafanya kazi gani. Karani akamweleza. Polepole alikamua nguo aliyoishika, kisha akasema kwamba kwao kuna mgodi. Baba yake alikuwa akitoboa mwamba. Alikohoa vile vile, kwa mluzi ule ule, kwa miaka minne.

"Sasa yuko wapi?" Karani aliuliza.

"Alikufa. Katika mtaa wetu wako wajane saba. Wote waume zao walitoboa mwamba."

Karani alitupa nguo kwenye beseni, akaingia ndani. Alikuwa na hasira. Aliona mgeni amekuja kumzika baba yake akiwa hai. Siku mbili hakusema naye ila salamu. Lakini siku ya tatu aliamka mapema, akasimama mlangoni, akamtazama baba yake akienda kazini. Alimwona akiinama mara ya kwanza. Alimwona akiinama mara ya pili. Akarudi ndani, akamwamsha Polepole, wakaenda pamoja kwa Muuguzi.

Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akakiri jambo ambalo wauguzi wengi hawapendi kulikiri. Alisema alikuwa amekosea. Kila mtu wa uwanjani aliyekuja na kikohozi, yeye alifikiria kifua kikuu tu. Hakuwahi kumuuliza hata mmoja anafanya kazi gani. Siku ile ile alimwandikia Baba Karani barua ya kwenda hospitali kupigwa picha ya kifua.

Majibu yalikuja wiki ya pili. Muuguzi aliyaleta nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi wakati huo huo, na vumbi lilikuwa limeshaanza kurudi.

Alieleza kwa maneno mepesi. Jiwe likivunjwa, hutoa vumbi la aina mbili. Moja tunaliona, hilo hukwama puani tukalipenga. Jingine ni jembamba mno, jicho haliwezi kuliona. Hilo hufika mwisho wa mapafu. Kila punje huacha kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu gumu. Mwaka baada ya mwaka makovu hujaa, na pumzi hukosa mahali pa kuingia. Pia mtu mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine.

"Kwa hiyo ugonjwa huu hauponi," Baba Karani alisema.

"Hauponi, kaka. Ukiacha kuvuta vumbi leo, unaweza kuupunguza mwendo wake. Kovu lililopo halitoki."

Kisha Baba Karani akamgeukia Polepole, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Wewe mwanangu umekuja kuniambia siponi."

Polepole alilia. Mzee akamshika mkono, akamwambia hana kosa. Alisema ni afadhali kujua kinachokuua kuliko kumshuku jirani yako kila siku. Alikuwa na jirani mmoja ambaye hakumsalimia kwa miaka miwili kwa sababu ya maneno ya watu. Jioni ile alikwenda kumsalimia.

Baba Karani hakurudi tena uwanjani. Mama Karani alirudi, kwa sababu nyumba haiwezi kukaa bila mtu wa kazi. Muuguzi alimfundisha mambo ambayo angeweza kuyafanya mwenyewe. Amwagie maji rundo la kokoto kabla ya kulichambua, maana vumbi lililolowa haliruki. Akae upande upepo unakotoka. Asikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba, azivue nje na kuzilowesha. Alimwambia pia ukweli kuhusu kitambaa alichojifunga puani. Kitambaa huzuia vumbi kubwa tu. Lile jembamba hupita kama hakuna kitu. Dawa yake ni maji kwenye mashine, na barakoa maalumu za vumbi. Hayo mchambua kokoto hawezi kujipa mwenyewe. Lazima mwenye uwanja ayalete.

Mama Karani alimfikishia nyapara wa uwanja maneno hayo. Nyapara hakuwa mtu mbaya, hata yeye alikuwa anakohoa. Lakini alisema wenye barabara hawajawahi kumuuliza habari za mapafu. Wanauliza malori mangapi yametoka.

Maneno hayo ndiyo yaliyowafungua macho Karani na Polepole. Jumamosi walisimama mbele ya kundi. Walitaka jambo la kwanza kwenye karatasi yao liwe pumzi ya watu wanaopasua mawe na kutoboa miamba. Kijana mmoja, fundi wa simu, alicheka. Aliuliza kama nchi nzima nzima zitaacha kazi zao zikae kujadili vumbi la mtaa mmoja.

Muuguzi hakumkemea. Alisema swali ni zuri na linahitaji jibu. Akasema tena kwamba ukiandika "watu wengi wanaumwa", msomaji atafunua ukurasa unaofuata. Andika wangapi kati ya wangapi. Uliza swali lile lile katika kila mlango. Omba ruhusa kwanza. Usiandike jina la mgonjwa.

Wiki ya mwisho ya ziara waligawana mtaa. Walibisha hodi nyumba sitini na mbili. Katika kila nyumba waliuliza mambo matatu tu: nani anafanya kazi ya mawe, kwa miaka mingapi, na kama anakohoa kwa zaidi ya miezi mitatu. Fundi wa simu alikwenda pia, kwa kunung'unika. Katika nyumba ya kumi na moja alimkuta shangazi yake amekaa kitandani, ameegemea mto, hawezi kulala chali. Hakujua. Alikuwa akimpigia simu kila wiki, na shangazi alikuwa akimwambia hajambo. Baada ya siku ile hakucheka tena.

Watu themanini na wanne walifanya kazi ya mawe. Thelathini na mmoja walikuwa na kikohozi kisichoisha. Polepole aliporudi kwao, yeye na wenzake waliuliza maswali yale yale katika mtaa wa mgodi. Baada ya mwezi karatasi yao ikafika. Karani aliziweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Zilifanana kama mapacha.

Hapo ndipo makundi yao yalipoalikwa kwenye mkutano wa vijana wa nchi kumi na moja. Mkutano huo ulikuwa unaandaa maoni ya kupelekwa kwenye kikao cha serikali za nchi hizo. Kila kundi lingetuma mtu mmoja. Kundi lilimchagua Karani.

Lakini baba yake sasa alikuwa hawezi kutoka kitandani. Alikula kijiko kimoja, akapumzika, kisha kijiko kingine. Karani alisema haendi. Alisema hawezi kwenda kuongea juu ya baba yake na kumwacha baba yake. Baba yake alimwita, akamwambia akae karibu, kwa sababu hakuweza kupaza sauti.

"Mimi sina pumzi ya kusema," alisema. Akasubiri, akavuta hewa. "Wewe unayo. Nenda."

Karani alikwenda. Alipanda ndege aliyoiota zamani, na njia nzima hakutazama nje.

Ukumbi ulikuwa mkubwa na baridi. Rasimu ya maoni ilikuwa tayari imeandikwa, kurasa sita. Barabara ilikuwa jambo la pili. Neno mawe halikuwemo, wala neno vumbi. Alikuwa amepangiwa kuzungumza siku ya tatu saa nne asubuhi, kwa dakika tatu. Saa nne ilipofika, watu wengine walikuwa bado wanaongea. Zamu yake ilifika saa tisa alasiri, watu wamechoka, wengine wanapiga miayo.

Alisema kwa ufupi. "Sisi tunaitaka barabara. Baba yangu ameilisha mawe miaka kumi na sita. Hatuombi isijengwe. Tunaomba isijengwe kwa mapafu ya watu." Kisha akasoma hesabu ya mtaa wake.

Mwenyekiti alimshukuru. Alisema kwamba jambo hilo linasikitisha, ila ni la mahali pamoja, bora lipelekwe kwenye halmashauri yao. Polepole, ambaye alikuwa ametumwa na kundi la kwao, akasimama. Akasoma hesabu ya mtaa wa mgodi. Maswali yale yale, kikohozi kile kile.

"Mtaa wangu na mtaa wake haijuani," alisema polepole, neno baada ya neno. "Kama mimi nisingelala kwao, hata sisi tusingejua. Sasa mahali pamoja ni wapi?"

Kijana wa nchi ya tatu akanyoosha mkono. Kwao wanachonga vigae. Mwingine alisema kwao wanachimba visima kwenye mwamba. Hawakuwa wamekuja kusema hayo. Waliyakumbuka walipowasikia wenzao. Mabishano yaliendelea mpaka taa zikawashwa. Mwisho sentensi moja iliongezwa kwenye rasimu: kila mradi wa barabara, mgodi au ujenzi uwe na maji ya kuzuia vumbi, vifaa vya kulinda pumzi, na uchunguzi wa vifua vya wafanyakazi kila mwaka.

Karani alirudi nyumbani siku ya tano. Kwa mbali aliona viti vya kuazima vimepangwa nje ya nyumba yao, akaelewa. Baba yake alikuwa amefariki siku ya tatu na kuzikwa siku ya nne. Tangu mzee alipozidiwa, mama yake alikuwa amekataza mtu yeyote kumpigia Karani simu.

Karani hakumsamehe kwa wiki nzima. Alikula peke yake. Mwishowe mama akaja kukaa kando yake.

"Asubuhi ile aliniuliza unasema saa ngapi," mama alisema. "Nikamwambia saa nne. Akaomba saa iwekwe mbele yake. Aliitazama mpaka saa nne ikapita. Akasema, 'Tayari ameshasema.' Ndipo akafumba macho. Mwanangu, ningekuita urudi, angetazama saa hiyo kwa ajili ya nini?"

Karani alimkumbatia mama yake. Hakumwambia kwamba zamu yake ilifika saa tisa. Hajamwambia hadi leo.

Miezi kumi ikapita. Maoni ya vijana yalifika kwenye kikao cha serikali, yakapunguzwa. Sentensi yao ilipunguzwa maneno. Neno vigae, lililoongezwa baada ya mkutano, lilikuwa limeondolewa tena. Karani alipoisoma aliona kama wamechezewa. Muuguzi akamwambia aisome tena, taratibu. Maji yalikuwemo. Vifaa vya kulinda pumzi vilikuwemo. Uchunguzi wa kila mwaka ulikuwemo.

"Sasa ipeleke halmashauri," alisema. "Sentensi haina miguu. Lazima mtu aibebe."

Karani na fundi wa simu waliibeba. Walikwenda kwa afisa mipango mara sita. Mara mbili hawakumkuta, mara moja aliwaambia warudi kesho, kesho ikawa wiki mbili. Mara ya sita aliwakuta wamekaa mlangoni kwake kabla ya yeye mwenyewe kufika. Alichukua karatasi yao, akaiambatisha kwenye masharti ya barabara mpya. Uwanja wowote usiokuwa na maji kwenye mashine hautanunuliwa kokoto. Mashine ikikosa maji, isimame.

Mabomba yakafungwa. Barakoa za vumbi zikaletwa. Chumba kidogo kikajengwa, wafanyakazi wakawa wanaoga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Zahanati ikaanza kupima vifua vya wafanyakazi wote. Mama Karani alipimwa pia. Mapafu yake yalikuwa yameanza kupata makovu, lakini machache. Muuguzi hakumdanganya mtu. Alisema ugonjwa huu huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo watu wataendelea kuugua kwa vumbi la zamani. Shangazi wa fundi wa simu alifariki mwezi wa pili baada ya mabomba kufungwa. Faida yenyewe wataiona wale wanaoanza kazi leo.

Asubuhi moja maji yalikatika. Mabomba yalikoroma, yakatoa matone mawili, yakakauka. Malori matatu yalikuwa yanasubiri getini. Nyapara akasema wafanye kazi kidogo tu, maji yakirudi yatawakuta. Baadhi ya vijana wapya wakaanza kusogea kwenye mashine.

Mama Karani alivua barakoa yake, akatandika kanga juu ya jiwe, akaketi. Hakugomba na mtu. Nyapara akamwita kwa jina, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Hakuinuka. Mwanamke wa pembeni yake akaketi. Kisha vijana wawili. Kisha wote. Nyapara akasimama katikati yao, mikono kiunoni. Akakohoa, akainama, akakohoa tena mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia, hakumtazama mtu yeyote. Akachukua simu, akamwita fundi wa bomba.

Walikaa pale. Madereva walipiga honi, wakachoka, wakazima injini. Saa tatu na nusu maji yalianza kutoka, kwanza ya matope, halafu safi. Mama Karani akasimama, akavaa barakoa, akawaonyesha vijana wapya jinsi ya kuibana puani. Kisha wakaanza kazi.